Fuata lastiki: namna ninavyosoma magazeti ya wakati wa vita

Nilianza na vichwa vya habari, na ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza niliambulia majina ya majenerali tu. Mimi ni fundi cherehani, nimeshonea watu kwa miaka thelathini na moja. Nilipofungua magazeti ya Australia ya miaka ya vita, 1939 mpaka 1945, nilitaka kujua watu walivaa nini kitambaa kilipoadimika. Jibu halikuwa kwenye kurasa za mapigano. Lilikuwa kwenye matangazo ya maduka, kwenye barua za wasomaji, kwenye habari fupi za mahakamani, na kwenye tangazo la mistari miwili la mtu anayetafuta cherehani ya kununua. Naeleza hapa ninavyosoma sasa, ili wewe usipoteze miezi kama nilivyopoteza mimi.

Nilichagua Australia kwa kuwa magazeti yake yako wazi kwa kila mtu. Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo, iliyoko Canberra, ina hifadhi ya mtandaoni iitwayo Trove. Hulipi chochote, na simu inatosha, ingawa macho yatakushukuru ukipata skrini kubwa zaidi. Humo utakuta The Sydney Morning Herald la Sydney, The Argus la Melbourne, The Courier-Mail la Brisbane, na jarida la wanawake, The Australian Women's Weekly. Kiingereza chake si kigumu. Kigumu ni vifupisho, na nitavifikia.

Gazeti moja, siku kwa siku

Watu wengi wanaanza kwa kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta. Usifanye hivyo kwanza. Ukitafuta neno utaletewa vipande elfu kutoka miji kumi, kila kimoja kimekatwa na siku yake, na hutajua kipi kilikuwa cha kawaida na kipi kilikuwa cha ajabu. Chagua gazeti moja na mwezi mmoja, fungua toleo la tarehe ya kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, kama mtu aliyekuwa akiletewa gazeti mlangoni. Baada ya siku kumi utaanza kuijua kila safu inakaa wapi, na siku isipokuwepo utashtuka.

Mwezi ninaomshauri kila mtu aanze nao ni Mei 1942, ukiendelea mpaka katikati ya Juni, katika Sydney Morning Herald. Mwezi huo serikali ya waziri mkuu John Curtin ilitangaza kwamba nguo zitauzwa kwa kuponi, yaani vikaratasi vya mgawo wa kila mtu, nao watu wakakimbilia madukani kabla mlango haujafungwa. Soma matangazo ya maduka makubwa ya Sydney wiki moja kabla ya habari hiyo na wiki moja baada yake. Kabla yake, duka linambembeleza mteja. Baada yake, linamwomba asinunue zaidi ya anachohitaji. Sijawahi kuona hofu ya mji mzima ikionekana wazi kiasi hicho mahali pengine, na hakuna mwandishi aliyekaa kuieleza. Iko kwenye lugha ya wauza mashati.

Kisha usiku wa Jumapili tarehe 31 Mei nyambizi ndogo za Kijapani zikaingia bandari ya Sydney, na mabaharia 21 wakafa kwenye meli ya Kuttabul. Usitegemee kukuta kishindo asubuhi iliyofuata. Endelea na matoleo ya wiki ile nzima. Tarehe 8 Juni mizinga ya nyambizi nyingine ikapiga vitongoji vya mashariki mwa mji. Hapo acha habari kuu, nenda kwenye safu ya nyumba za kupanga na kuuzwa. Baadhi ya familia zenye uwezo zilihama kutoka kando ya bandari, na safu ile ndiyo inayokuonyesha nani anatafuta nyumba mbali na maji. Siku chache baadaye, kuponi za nguo zinaanza kutumika. Mtu yule yule aliyeamshwa na mizinga ndiye anayehesabu kuponi za soksi. Ukiwa umesoma siku kwa siku, mambo haya mawili hayakai kwenye sura mbili tofauti za historia.

Jambo moja kuhusu ukurasa wa kwanza wa gazeti hili: mpaka Aprili 1944 ulikuwa umejaa matangazo, na habari zilikuwa ndani. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani nimefungua kiambatisho, nikauruka. Usiuruke. Kwa kazi yetu, huo ndio ukurasa bora kuliko yote.

Bei na vifupisho

Bei usipoijua, utasoma tangazo bila kuelewa. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Shilingi inaandikwa kwa herufi s, peni kwa herufi d. Ukiona 19/11 karibu na picha ya gauni, maana yake ni shilingi 19 na peni 11, yaani imebaki peni moja ifike pauni. Mimi kwa wiki nzima nilidhani ni tarehe, kumi na tisa Novemba, nikawa nashangaa kwa nini kila nguo itatoka siku hiyo. Gini, inayoandikwa gns, ni shilingi 21, na utaikuta zaidi kwenye nguo za gharama. Uzito ni ratili na wakia: lb ni ratili, karibu nusu kilo, na oz ni wakia, ambazo kumi na sita zinafanya ratili.

Kwenye matangazo madogo nafasi ililipiwa, hivyo watu walikata maneno kama anayebana kitambaa. "Wtd." ni mtu anayetaka kitu. "Gd. cond." ni kitu kilicho katika hali nzuri. "H. and c." kwenye chumba cha kupanga ni maji ya moto na ya baridi. Weka daftari, kila kifupisho kipya kiandike pamoja na mfano wake. Ukifika ishirini umeshajua kusoma.

Fuata kitu kimoja

Hili ndilo lililonibadilisha. Chagua kitu kimoja kidogo cha nyumbani na ukifuate kuanzia kabla ya vita mpaka baada yake. Kiwe kitu unachokijua kwa mikono yako. Mwenye kupika afuate siagi. Fundi baiskeli afuate tairi. Mimi nilifuata lastiki, ile ya kiunoni.

Mwaka 1939 lastiki haitajwi. Imo ndani ya nguo, na hakuna anayeifikiria. Kisha Japani inaiteka Malaya, Singapore inaanguka tarehe 15 Februari 1942, na mpira mwingi wa dunia unabaki mikononi mwa adui. Baada ya hapo lastiki inaanza kuonekana kwenye gazeti, na inaonekana kwa sababu haipo. Kurasa za wanawake zinajaa mawaidha ya kuitunza: isifuliwe kwa maji ya moto, isianikwe juani. Matangazo ya nguo za ndani yanaanza kutaja kifungo na kamba kana kwamba ni mtindo mpya. Mimi nikisoma vile najua hasa mshonaji wa nguo ile alifanya nini: alirudisha mkanda wa kiuno, akatoboa tundu la kifungo, akaongeza dakika kumi kwenye kila nguo. Dakika hizo hazimo katika hesabu yoyote ya vita. Ziko pale kwenye kifungo.

Ukifuata kitu kimoja namna hii, vingine vinakuja vyenyewe. Lastiki ilinipeleka kwenye soksi ndefu za wanawake, kwani hariri ya Japani ilikuwa imekatika na nailoni ilikwenda kwenye miamvuli ya askari wa anga. Soksi zikanipeleka kwenye matangazo ya rangi ya kupaka miguuni ili ionekane kama umezivaa. Rangi ikanipeleka kwenye barua za wasomaji, ambako watu wanabishana kama mwanamke aende kazini miguu wazi. Nilikaa kwenye barua hizo majuma mawili. Huko ndiko wanakosemezana kama majirani.

Sasa tafuta ule mwezi ambao kitu chako kinatajwa kwa mara ya kwanza, na mwezi ambao kinaacha kutajwa. Andika tarehe zote mbili. Hapo ndipo kisanduku cha kutafuta kinapokufaa: unajua tayari unachokitafuta, na unajua kinakaa safu gani. Upande wa vichujio, Trove inakuruhusu kuchagua mwaka, gazeti, na aina ya maandishi. Chagua "Advertising" kwa matangazo ya biashara, au "Family Notices" kwa matangazo ya familia. Neno ukilifunga ndani ya alama za kunukuu, litatafutwa kama lilivyo.

Piga hesabu ya mtu mmoja

Gazeti linapochapisha mgawo, usipite. Chukua kalamu uishi nao. Kuponi za nguo zilikuwa 112 kwa mtu mzima kwa mwaka. Suti ya mwanaume ilikula 38. Jozi ya soksi ilikula 4. Kwa hiyo mwanaume aliyenunua suti moja na jozi tatu za soksi amebakiwa na 62, na bado hajanunua shati, viatu, koti la baridi wala nguo ya ndani. Fanya hesabu hiyo kwa familia ya watu watano, na ghafla utaelewa kwa nini kurasa za wanawake zinafundisha kuligeuza koti la baba liwe la mtoto. Mimi koti la namna hiyo nimeligeuza mara nyingi. Unafumua mshono wote, unageuza upande wa ndani wa kitambaa uwe nje kwa kuwa haujapauka, unakata upya kwa kukwepa viwiko. Ni kazi ya siku mbili, na maelezo yake gazetini yanachukua inchi tatu. Ukijua kazi, utaona ni wapi mwandishi wa safu ile ameshona kweli na ni wapi amekisia.

Chai ilianza kugawiwa Julai 1942, kwani kisiwa cha Java, kilichokuwa kikiipatia Australia sehemu kubwa ya chai yake, kilikuwa kimetekwa Machi. Mgawo ulikuwa nusu ratili kwa majuma matano. Nimeipima mezani kwangu: ni kiasi cha gramu sita na nusu kwa siku, vikombe vitatu hivi kama huikolezi. Sukari ilifuata Agosti mwaka huo huo, siagi Juni 1943, nyama Januari 1944 kwa ratili mbili na robo kwa juma. Nyama hiyo ni kilo moja hivi, nayo si kidogo, na inafaa kukumbuka kwamba Waingereza walibanwa zaidi. Gazeti la Australia likilalamika kuhusu nyama, liweke malalamiko hayo mahali pake.

Halafu kuna waziri John Dedman, aliyesimamia mpango wa viwanda vya vita. Mwaka 1942 alileta suti ya ushindi: koti la safu moja ya vifungo, bila kizibao, bila vifungo vya mkononi, suruali isiyokunjwa chini. Aliwahi pia kupiga marufuku sukari ya rangi ya waridi juu ya keki, na matangazo ya Krismasi mwaka huo. Vibonzo na barua vilimshambulia bila huruma. Nilianza nikiwa upande wa walalamikaji. Kisha nilipima kwa chaki: kizibao, mkunjo wa suruali na koti la safu mbili vikiondolewa, kitambaa kinachookolewa kwenye suti tatu kinakaribia kutosha ya nne. Tangu hapo namheshimu. Kitu ambacho gazeti linakifanyia kicheko, kipime mwenyewe kabla ya kucheka nalo.

Habari za mahakamani zisome pamoja na mgawo. Ni fupi, mistari mitano au sita, nazo zinakuambia magendo yalipitia wapi: kuponi zilizoibwa, kuponi bandia, mwenye duka aliyeuza chini ya kaunta. Kuvunja sheria za mgawo kuliweza kukuletea faini ya hadi pauni 100 au kifungo cha miezi sita. Linganisha faini iliyotozwa na bei ya suti kwenye ukurasa wa pili, utajua kama mtu yule aliumia au alilipa akaenda zake.

Matangazo ya familia

Safu hii isome polepole, na usiisome usiku ukiwa peke yako. Vizazi, ndoa, vifo, na kumbukumbu za waliokufa, vimepangwa kwa herufi kama orodha ya bidhaa. Baada ya kuanguka kwa Singapore, askari wa Australia wapatao 15,000 walitekwa huko, na familia nyingi zilikaa zaidi ya mwaka bila kujua kama mtu wao yu hai. Utaona hilo kwenye maneno. Kwanza mtu "hajulikani alipo". Miezi mingi baadaye, tangazo fupi kwamba aliyeripotiwa kupotea sasa imejulikana kuwa ni mfungwa wa vita. Ndugu wanalipia tangazo hilo kwa furaha. Ukiwa umesoma mbele, unajua walichokuwa hawajui kuhusu kambi zile, na inabidi ujizuie. Jambo gumu kuliko yote katika kusoma magazeti ya zamani ni kukaa ndani ya tarehe ya siku ile, bila kumwonea mtu huruma ya mambo yasiyomfika bado.

Ndoa nazo zitazame. Maelezo ya magauni ya harusi yanapungua urefu mwaka hadi mwaka, na mwaka 1943 bibi harusi anaolewa amevaa kofia na suti ya kutembelea. Mimi huandika vitambaa vyote vilivyotajwa. Ukurasa wangu wa 1938 umejaa, ule wa 1943 una maneno sita.

Ambayo gazeti halikusema

Nilifanya kosa moja ambalo bado linaniuma. Mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia, ulipigwa mabomu tarehe 19 Februari 1942. Nikasoma idadi ya vifo iliyotangazwa magazetini siku zilizofuata, ilikuwa chini ya ishirini, nikaiandika kwenye daftari na kuwasimulia watu. Ukweli uliojulikana baadaye ni kwamba walikufa watu wasiopungua 235. Gazeti halikukosea chapa. Serikali ilikuwa inazuia habari, na wahariri walikuwa chini ya amri.

Kwa hiyo idadi ya wafu, hasara za meli na mahali majeshi yalipo usivichukue kwenye gazeti la wakati ule bila kuvilinganisha na historia iliyoandikwa baadaye. Ukiona habari imetumwa kutoka "Somewhere in Australia", yaani mahali fulani Australia, ujue mkono wa mdhibiti, afisa wa serikali aliyekagua habari kabla ya kuchapwa, umepita hapo. Novemba 1942 askari wa Australia na wa Marekani walipigana wao kwa wao mitaani Brisbane kwa siku mbili, na Mwaustralia mmoja akauawa kwa risasi. Fungua Courier-Mail la siku zile uone jinsi jambo lililojulikana na mji mzima linavyoweza kuandikwa nusu nusu katika gazeti la mji huo. Aprili 1944 mvutano ulilipuka: magazeti ya Sydney yalichapisha nafasi tupu mahali palipokatwa na mdhibiti, na nakala zake zikakamatwa. Kurasa zile zenye weupe zitafute. Kwangu ni kurasa zenye maneno mengi.

Habari ya bei ya soksi, lakini, hakuna aliyeizuia. Mdhibiti hakujali safu ya cherehani zinazotafutwa. Ndiyo maana naziamini safu hizo kuliko ukurasa wa vita.

Kuna ukimya mwingine ambao haukuhitaji mdhibiti. Wenyeji wa asili wa nchi ile karibu hawamo kwenye kurasa nilizozisoma, na wakitajwa, mara nyingi ni kwa lugha inayoudhi. Wanaume wa visiwa vya Torres Strait waliunda kikosi kizima kulinda visiwa vyao, kwa mshahara mdogo kuliko wa askari weupe, mpaka wakagoma. Nguo walizovaa wake zao, chai waliyokunywa, sikuviona kwenye safu ya wanawake. Ukisema "watu waliishi hivi", sema pia ni watu gani.

Maandishi yaliyoharibika

Karatasi nayo iligawiwa wakati wa vita. Hesabu kurasa za toleo la Jumamosi moja ya Agosti 1939, kisha za Agosti 1942, utaona gazeti lilivyokonda na herufi zilivyosogezwa. Kompyuta iliyozisoma herufi hizo inakosea mara kwa mara, hasa kwenye matangazo madogo. Kwa hiyo ukitafuta "elastic" jaribu pia "elastio", kwa kuwa c iliyofifia husomwa o. Trove inaweka maandishi kando ya picha ya ukurasa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyasahihisha mstari kwa mstari. Kila ninapomaliza kusoma tangazo la nguo nalisahihisha, ili atakayelitafuta baada yangu alipate. Mafundi wenzangu nawaomba wafanye vivyo hivyo, maana kuna majina ya mishono na vitambaa ambayo asiye fundi hawezi kuyakisia kwenye picha iliyofifia.

Usiishie tarehe 15 Agosti 1945. Kila mtu anaishia hapo, kwenye picha za watu wakicheza barabarani. Lakini kuponi za nguo ziliendelea mpaka Juni 1948, na za siagi na chai mpaka katikati ya 1950. Endelea siku kwa siku kama ulivyoanza. Mimi sasa niko Machi 1947. Lastiki imeanza kurudi kwenye matangazo, na chai bado ni ya kuponi.